Robo ya Mwanga

Farhiya wa Luthuli amenipangia tatu
juu ya kifuniko cha mkebe wa biskuti,
kila moja ndogo kuliko punje ya hindi.
"Usiguse kioo, Syombua. Shika ukingoni."
Kana kwamba sijui.
Kana kwamba mafuta ya kidole changu hiki
hayajawahi kuungua juu ya lenzi
yakaniachia ukungu wa shilingi elfu mbili.

Diodi, mtu asikudanganye, haitoi mshale.
Hutoa kitu kama povu la chupa iliyotikiswa:
mwanga unafumuka, huku mpana, huku mwembamba,
umbo la yai lililokaliwa.
Lenzi ndiyo huudaka kabla haujatapanyika
ikauambia, haya, twende njia moja.

Ya kwanza ni plastiki, bei ya chai na mandazi.
Naipita.
Plastiki na joto nimeshazisuluhisha mara nyingi,
ndoa hiyo haidumu mwezi.

Ya pili, kioo kimoja, mdomo mpana,
inameza mwanga karibu wote.
Dada yake ndiye ninaye kwenye mashine.
Makori, muuza majeneza, aliisifu:
"Hii inachoma kama laana ya mama!"
Kweli inachoma.
Inachoma hata pale ambapo sikuandika:
pembeni mwa kila alama ina mabawa,
miale isiyosikia la mkubwa.

Mwezi wa sita niliandika kibao cha mkangazi.
Jina, miaka miwili, kistari katikati.
Herufi ndogo, kwa kuwa jina la baba lilikuwa refu
na kibao kilikuwa kile kile cha wote.
Jicho la e likaziba kwa masizi.
Huko Nyamira, kaburini, dada mtu akasoma kwa sauti:
Komunto.
Akanyamaza. Akarudia kusoma,
kana kwamba walikuwa wamembeba mtu mwingine
usiku kucha kutoka Nairobi.

Makori alinionyesha picha kwenye simu.
Hakunilaumu. Akanipa kazi nyingine,
na hapo ndipo iliponiuma.

Ya tatu basi.
Vioo vitatu, vimefuatana ndani ya pipa la shaba
kama wazee wa kanisa kwenye benchi,
na mdomo mwembamba.
Miale ya kando inagonga ukuta wa pipa na kufia humo.
Robo ya mwanga, Farhiya! Robo nzima,
na stima nimeilipia yote!
Anacheka, anafunga mkebe nusu.
Naiinamisha chini ya taa yake:
ikirudisha buluu usoni pangu, basi buluu inaikataa,
na diodi yangu ni ya buluu.
Inarudisha manjano hafifu.
Nalipa.

Usiku, Kariobangi, mlango nimeupiga komeo,
miwani ya rangi ya chungwa puani.
Naizungusha lenzi kwa kibano, unywele mmoja,
springi inalalamika,
unywele mwingine, nimepitiliza, narudi.
Doa ukutani linakuwa jani, linakuwa mchele,
linakuwa ncha ya sindano
na pembeni mwake pana giza tupu.
Sijawahi kufurahia giza hivyo.

Mashine sasa inatambaa.
Mwanga uliopungua hauna haraka,
na mbao haina neno.
Neno la kujaribia huwa nalichagua mwenyewe;
kwa kawaida huandika "jaribio".
Leo naandika Kemunto, herufi ndogo kama zile zile,
napuliza vumbi, nainama.
E imefumbua jicho.

Kibao hiki hakuna aliyekiagiza.
Nakiweka nyuma ya kopo la spiriti,
nazima, natafuta koti langu gizani.
Asubuhi nitampigia Makori,
nimwambie bei imepanda.
Akiuliza kwa nini, nitasema
kazi sasa inachukua muda.